Sensa ya Ekzosi na Mashine ya Vidole: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara Gereji

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Gereji yetu iko karibu na Kirinyaga Road, Nairobi, na kila asubuhi nashika mashine ya kusoma kodi za injini, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari huandika, kabla sijashika spana. Zamani wateja waliniuliza kuhusu moshi na mafuta tu. Siku hizi, gari likiwa bado juu ya jeki, mtu anatoa simu, anaifungua kwa kidole, halafu ananigeukia: "Fundi, hii nayo inanijuaje?" Maswali ya ekzosi na ya vidole yamekaa benchi moja, na kadiri ninavyoyajibu ndivyo ninavyoona ni ya ukoo mmoja. Kila kifaa kinasoma dalili ndogo, kinailinganisha na kiwango alichokiweka binadamu fulani, kisha kinatoa jibu. Nimeandika haya kwa wateja na kwa vijana wanaojifunza kazi kwetu. Vitabuni wanasema kihisi. Gereji tunasema sensa, na ndivyo nitakavyoandika.

Sensa ya ekzosi inapima moshi?

Hapana, na hapo ndipo wengi hupotea. Ile sensa iliyokazwa kwenye bomba, yenye umbo la plagi na mkia wa nyaya, inapima kitu kimoja tu: oksijeni iliyosalia baada ya petroli kuungua.

Ndani yake mna kikombe kidogo cha kauri iitwayo zirkonia, kimepakwa platinamu ndani na nje. Upande mmoja unagusa hewa hii tunayovuta, wa pili unagusa gesi ya ekzosi. Kauri ikishika moto wa nyuzi 300 hivi za Selsiasi, chembe za oksijeni zenye chaji hupita ndani yake kutoka penye oksijeni nyingi kwenda penye haba, na kupita huko kunazaa umeme. Injini ikila mafuta mengi kuliko hewa, ekzosi inakosa oksijeni na sensa inatoa karibu volti 0.9. Hewa ikizidi, inashuka hadi karibu 0.1. Kwenye 0.45 hivi ndipo tunapopataka: kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli.

Kompyuta ya injini hutazama volti hizo, ikaongeza mafuta, ikapunguza, ikaongeza tena, bila kupumzika. Kwenye skrini mstari wa sensa ya mbele hupanda na kushuka muda wote, na huo ndio uzima wake. Ukiuona umenyooka wakati injini imepata moto, sensa imechoka au waya umekatika.

Nani aliivumbua?

Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyoileta kwenye magari. Ilifungwa kwanza kwenye Volvo zilizouzwa California mwaka 1976, kwa sababu sheria za moshi za huko zilikuwa kali kuliko kwingine. Hesabu ya umeme wake ni ya zamani zaidi: Walther Nernst, mwanakemia Mjerumani, aliieleza mwishoni mwa karne ya 19.

Lakini huwezi kuielewa sensa bila katalisti, lile kopo lililo katikati ya bomba la ekzosi. Eugène Houdry, Mfaransa aliyehamia Marekani, alipata hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ya katalisti ya magari miaka ya 1950. Haikufika mbali, kwa sababu petroli ya wakati huo ilitiwa madini ya risasi, na risasi huua katalisti. Mapema miaka ya 1970 Carl Keith na John Mooney wa kampuni ya Engelhard walitoa katalisti inayomaliza sumu tatu kwa pamoja: kaboni monoksaidi, mafuta yasiyoungua na oksidi za nitrojeni. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Shida ni kwamba inafanya kazi hiyo vizuri pale tu mchanganyiko unapokaribia kabisa ile 14.7. Kwa hiyo lazima pawe na kitu cha kuuchunga mchanganyiko muda wote, na kitu hicho ndicho sensa.

Na Nairobi ina sehemu yake katika hadithi hii, jambo ambalo vijana wangu hawakufundishwa. Kampeni ya kuondoa risasi kwenye petroli iliongozwa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambayo makao yake makuu yako hapa Gigiri. Ilianza mwaka 2002, na kufikia mwanzo wa 2006 Kenya na majirani zake wote wa Afrika kusini mwa Sahara walikuwa wameacha kuuza petroli hiyo. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Risasi huharibu akili za watoto. Kila ninapofungua ekzosi nakumbuka kwamba kizazi cha wanangu hakikuivuta kama mimi nilivyoivuta utotoni.

Je, urefu wa Nairobi unaisumbua sensa?

Unaipa kazi, lakini hauisumbui. Tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Magari ya kabureta yaliyorekebishwa vizuri kule pwani yalikuwa yakifika Mlolongo tayari yanatoa moshi mweusi, kwa sababu mafuta yalikuwa yaleyale na hewa imepungua. Gari lenye sensa linajirekebisha lenyewe njiani, na dereva hahisi chochote.

Taa ya injini imewaka na mashine imeandika P0420. Ninunue katalisti mpya?

Ngoja kwanza. Swali hili nalijibu kirefu kwa sababu limewagharimu watu pesa nyingi.

Gari la kawaida lina sensa mbili, moja kabla ya katalisti na nyingine baada yake. Ya mbele inapanda na kushuka. Ya nyuma inapaswa kutulia, kwenye volti 0.6 au 0.7 hivi, kwa sababu katalisti nzima huitumia ile oksijeni iliyobaki. Ya nyuma ikianza kuiga ya mbele, kompyuta inaandika P0420. Maana yake: nimeona oksijeni nyuma, mahali ambapo sikuitarajia. Haijasema imetoka wapi.

Mama mmoja alituletea Probox yenye kodi hiyo. "Fundi, kule nilikotoka wameniambia ni katalisti, na bei yake ni karo ya mtoto wangu ya muhula mzima."

"Mama, kaa hapo kwenye kivuli kwanza. Injini ipoe, tuiwashe ikiwa baridi."

Baada ya saa moja na nusu nililala chini ya gari, kijana akawasha. Nilipitisha kiganja karibu na bomba bila kuligusa, kutoka mbele kwenda nyuma. Kwenye kiungo kilicho kabla kidogo ya sensa ya pili nilihisi pumzi, pu, pu, pu, inanipiga vidoleni. Nilimulika tochi. Palikuwa na alama ya masizi, nyeusi tii, upana wa ukucha. Gasketi ilikuwa imepasuka. Hapo panapotoka moshi, hewa nayo inanyonywa ndani kila mpigo unapopita, na sensa inaiona oksijeni ambayo katalisti haina habari nayo. Tulibadilisha gasketi, tukafuta kodi. Wiki mbili baadaye alipita kutuambia taa haijarudi.

Kijana anayejifunza kazi, shika hili: kodi ni ushahidi wa shahidi mmoja aliyesimama mahali pamoja. Ukimsikiliza, nenda ukapaangalie pale aliposimama.

Sensa inauawa na nini?

Masizi ya injini inayokula mafuta mengi. Hayo huipaka ncha rangi nyeusi kavu. Silikoni ya kuziba gasketi isiyofaa, au maji ya rejeta yanayovujia ndani ya injini. Hiyo huacha unga mweupe kama chokaa. Injini inayokula oili. Na petroli iliyochanganywa na mafuta taa. Mwaka 2018 serikali iliongeza ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuvunja biashara hiyo ya uchanganyaji, na kusema kweli tulianza kuona nafuu gereji, ingawa wapishi wa mafuta taa mitaani ndio waliobeba mzigo.

Nikitoa katalisti gari litapata nguvu?

Nakataa kazi hii, na nawaomba mafundi wenzangu waikatae. Katalisti iliyoziba inabana injini, ni kweli, na ukiitoa utahisi gari limefunguka. Lakini iliziba kwa sababu kuna kitu kingine kibovu, na hicho bado kiko. Nzima haikupunguzii nguvu unayoweza kuihisi ukitoka Westlands kwenda Kikuyu.

Anayekushawishi uitoe mara nyingi anaitaka yeye. Ile kauri iliyo ndani ina madini ya thamani, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanalijua hilo. Wewe unaondoka na bomba tupu, na kaboni monoksaidi inayotoka humo haina rangi wala harufu. Inashikana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikana nayo. Wanaoivuta ni utingo anayening'inia mlangoni, mama anayeuza mahindi ya kuchoma kwenye stejini, na askari wa trafiki anayesimama mzunguko mmoja kutwa.

Na dizeli je?

Moshi wa dizeli hupimwa kwa mwanga. Mkaguzi anaingiza mrija kwenye ekzosi, dereva anakanyaga mafuta hadi mwisho, na mashine inaangalia mwanga kiasi gani umezuiwa na masizi. Magari mapya ya dizeli yana pia sensa ya oksidi za nitrojeni, jamaa wa karibu wa ile ya oksijeni, nayo ni ya zirkonia pia. Ni ghali, usiioshe kwa petroli.

Moshi unaweza kupimwa gari likipita barabarani?

Ndiyo. Donald Stedman wa Chuo Kikuu cha Denver alibuni kifaa hicho na wenzake miaka ya 1980. Wanapitisha mwale wa mwanga usioonekana kwa macho kukata barabara. Gari likipita, gesi zake zinameza sehemu ya mwanga, kila gesi kwa rangi yake, na kamera inapiga picha ya nambari ya gari. Yote hayo chini ya sekunde moja. Alichokigundua kinafaa kujulikana Nairobi: takriban nusu ya kaboni monoksaidi yote ilikuwa ikitoka kwenye kama asilimia 10 ya magari. Msako wa kumsumbua kila mwenye gari si lazima. Wapate wale wachache, wapeleke kwa fundi.

Gari linaweza kudanganya kipimo?

Liliwahi, tena kwa ustadi. Septemba 2015 kampuni ya Volkswagen ilikiri kwamba dizeli zake zilikuwa na programu inayotambua kuwa gari liko kwenye mtambo wa kupimwa: mwendo ni ule wa ratiba, usukani haugeuki. Programu ikishajua hivyo inawasha usafishaji wote wa moshi; gari likitoka barabarani inaupunguza. Magari karibu milioni 11 duniani yalikuwa hivyo. Waliolifichua jambo ni watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, ambao walifunga vipimo kwenye gari lenyewe wakaliendesha njiani kama mtu wa kawaida. Mimi nawaheshimu sana watu hao. Walifanya kile ambacho fundi mzuri hufanya: walitoka nje.

Turudi kwenye kidole. Simu inahifadhi picha ya kidole changu?

Kwa kawaida inahifadhi ramani, si picha. Kidole chako kina mistari, na mistari hiyo ina mahali inapokatika na mahali inapogawanyika panda. Mashine inazipima sehemu hizo, zimekaa wapi na zinaelekea wapi, na kuziweka kama namba. Ukigusa tena, inalinganisha ramani mpya na ya zamani na kutoa alama ya kufanana. Alama ikipita kizingiti, mlango unafunguka. Hazifanani kamwe asilimia 100, hata kidole kikiwa kilekile.

Sensa za simu nyingi hupima umeme mdogo kati ya ngozi na kioo: mstari unaogusa unasomeka tofauti na bonde lisilogusa. Nyingine hutumia sauti isiyosikika. Touch ID, sensa ya kidole ya simu ya iPhone 5s, ilipotoka 2013, ndani ya siku chache wadukuzi wa Chaos Computer Club wa Ujerumani waliifungua kwa kidole bandia walichokitengeneza kutokana na alama iliyoachwa juu ya kioo. Nywila iliyoibwa unaibadilisha jioni hiyohiyo. Kidole utabadilisha na nini?

Hii teknolojia ni ngeni Kenya?

Si ngeni hata kidogo, na wazee wetu waliijua kwa uchungu. Henry Faulds, daktari Mskoti aliyefanya kazi Japani, aliandika mwaka 1880 kwamba alama za vidole zinaweza kumtambulisha mtu. Utaratibu wa kuzipanga kwenye majalada unaitwa kwa jina la Edward Henry, mkuu wa polisi Bengal, lakini waliofanya hesabu yenyewe ni maafisa wake wawili Wahindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose.

Hapa kwetu ulikuja kama kipande. Sheria ilitungwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alichukuliwa alama za vidole, akapewa cheti cha kubeba ndani ya kibweta cha chuma shingoni, na humo mwajiri akaandika mshahara wake na kama ameruhusiwa kuondoka. Aliyetoroka kazi alisakwa kwa kidole chake. Kipande kilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapinga Harry Thuku, na alipokamatwa Machi 1922 watu walipigwa risasi hapa Nairobi nje ya kituo cha polisi. Kwa hiyo mzee akisita kuweka kidole kwenye mashine, msimwite mshamba. Ana sababu ya miaka mia moja.

Kwa nini mashine inakataa vidole vyangu na vya mwenzangu inasoma?

Hili linanihusu mimi mwenyewe. Nilimpeleka mwanangu hospitali moja, ana homa, na kaunta wakataka kidole cha mzazi.

"Mzee, weka cha shahada." Taa nyekundu.

"Jaribu kingine." Nyekundu.

Tulivimaliza vyote kumi. Binti alipangusa kioo kwa kitambaa, akaniambia nikanawe, nikarudi, nyekundu. Nilivitazama vidole vyangu chini ya taa ile. Cha shahada cha kulia kina kovu la sensa niliyoishika ikiwa moto. Dole gumba limelainishwa na msasa na petroli kwa miaka ishirini hadi linang'aa. Watu waliendelea kupita, na sisi tukaambiwa tumsubiri msimamizi, aliyekuja saa kumi jioni. Mtoto alilala mapajani mwangu muda wote huo.

Waashi wako hivyo. Wachonga mawe wa Ndarugo, akina mama wanaofua kwa mikono, wachuma chai, wazee ambao ngozi imekauka. Mistari yao ipo, ila imeliwa na kazi. Na mashine ina kizingiti kinachoweza kukazwa au kulegezwa. Ukikikaza, mwizi hapiti, lakini wenyewe halali wanafungiwa nje. Ukikilegeza, wote wanapita, na mwizi pia. Hakuna mashine iliyoepuka mvutano huo. Kuna mtu ofisini aliyechagua. Nikiliona tangazo la mfumo mpya naangalia jambo moja kwanza: yule aliyekataliwa na mashine ataingilia mlango gani? Kama hakuna mlango wa pili, mfumo haujakamilika, hata uwe na kamera nzuri namna gani.

Mboni ya jicho ni salama zaidi?

Kwa usahihi, ndiyo. Leonard Flom na Aran Safir, madaktari wa macho, walipata hataza ya wazo la kumtambua mtu kwa duara la rangi la jicho 1987, na John Daugman wa Cambridge akatunga hesabu yake, iliyopata hataza 1994. Jicho linakuwa biti 2,048, yaani mfuatano wa sifuri na moja. Macho mawili tofauti hutofautiana kwenye karibu nusu ya biti hizo; jicho lilelile hutofautiana chini ya theluthi. Nafasi kati ya hapo ni kubwa, ndiyo maana makosa ni machache.

Lakini usahihi ni jambo moja, na kujua jicho lako linaenda wapi ni jingine. Mnakumbuka foleni za KICC, jumba la mikutano la Nairobi, mwaka 2023, watu wakipigwa picha za mboni na mradi wa Worldcoin kwa sarafu za kidijitali za takriban Sh7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data iliyokusanywa ifutwe.

Sheria inanilinda?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka alama za mwili kwenye kundi la data nyeti. Una haki ya kuambiwa inatumiwa kwa kazi gani, kuiona, kurekebisha makosa na kuomba ifutwe. Januari 2020, katika kesi ya Huduma Namba, mpango wa serikali wa kusajili watu kwa namba moja, iliyofunguliwa na Nubian Rights Forum na wenzao, Mahakama Kuu ilikataza kukusanya DNA na kukataa mahali mtu anapoishi kurekodiwa kwa GPS. Malalamiko yanapelekwa kwa Kamishna wa Data.

Kuna uvumbuzi unaounganisha hizi mbili, gesi na utambulisho?

Upo, nao naupenda: kufuli ya pombe. Dereva anapuliza mrija kabla ya kuwasha gari. Ndani mna sensa yenye platinamu. Pombe ya kwenye pumzi inaungana na oksijeni juu yake na kutoa umeme mdogo, kama vile vipima pombe vingi vya polisi vinavyofanya kazi. Umeme ukizidi kiwango, injini haiwaki. Sasa, nani amepuliza? Mlevi anaweza kumwita mtoto wa jirani. Ndiyo maana baadhi ya kufuli hizo zina kamera inayopiga picha uso wa anayepuliza. Nikifikiria mabasi ya usiku ya kwenda Kisumu na Mombasa, ningetamani kuziona kwetu.

Vipi gari linalowaka kwa kidole?

Yapo, kwa mfano Genesis GV60, linalofungua mlango kwa uso na kuwaka kwa kidole. Mwaka 2005 huko Malaysia wezi walimkata mtu kidole ili wachukue Mercedes yake. Tangu hapo mimi husema mfumo wa namna hiyo lazima uweze kutambua kidole kilicho hai, na uwe na ufunguo wa pembeni wa kumkabidhi mwizi, uokoe maisha yako.

Vidole vyangu havisomeki. Nifanye nini kabla ya kwenda kusajiliwa?

Siku mbili tatu kabla, vaa glavu kazini. Usiku paka mafuta ya kujipaka, lakini asubuhi yaoshe, kwa sababu mafuta juu ya kioo yanaziba mabonde. Ngozi ikiwa kavu sana, pumulia kidole kipate unyevu kidogo. Laza kidole, usikichomeke kwa ncha, na usikandamize kwa nguvu, maana mistari inabanana. Omba visajiliwe vidole zaidi ya kimoja, na uchague visivyofanya kazi ngumu. Mimi nilirudi kusajiliwa upya nikamwomba yule binti aanze na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho hakishiki spana wala nyundo. Aliniangalia kidogo, akabonyeza. Taa ya kijani.